Bibi Nusu na Chupa ya Zebaki

Watoto walimwita Bibi Nusu, naye aliitika bila kinyongo. Jina hilo hakupewa kwa udogo wa mwili, maana alikuwa mama wa kujaza mlango. Alipewa kwa sababu hakuwahi hata siku moja kumwambia mtoto jambo zima. Alimpa nusu leo, nusu kesho, na aliyeitaka hiyo ya kesho aje shuleni.

Kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya sayansi ya shule ya msingi, chumba kirefu chembamba mwisho wa jengo, chenye dirisha moja la nondo na rafu tatu za mbao. Humo mlikuwa na mizani, sumaku, lenzi zilizokwaruzika, fuvu la mbuzi, mchoro wa sayari uliokatika pembe, na kabati la chupa. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Alianza kama mwosha chupa, miaka ishirini na mitatu iliyopita, mwaka ule aliofiwa na mumewe. Mwalimu wa sayansi wa enzi zile alikuwa mtu asiyejua kufunga mdomo. Akipima kitu anasema, akimimina anasema, akifuta ubao anasema. Walimu wenzake walimkimbia. Mwosha chupa hakuwa na pa kukimbilia, akasikiliza. Alisikiliza miaka kumi na saba, mpaka mwalimu akastaafu na kwenda zake kwao, na maneno yake yote yakabaki kichwani mwa mama huyu kama nguo zilizokunjwa vizuri sandukuni.

Wakati huo Mwalimu Mkuu, mama mmoja wa miwani na sauti ya kengele, alikuwa analia na mahudhurio. Kila Jumatatu madarasa yalikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Alitisha, akabembeleza, akaita wazazi, wapi. Ndipo Ijumaa moja Bibi Nusu alipomshika mkono mtoto wa darasa la pili aliyekuwa anapita dirishani.

"Wewe," alimwambia, "siku uliyozaliwa ulikuwa na mifupa mingi kuliko mimi."

"Bibi, uongo huo!"

"Mungu ananiona. Ulikuwa nayo kama mia tatu. Mimi mtu mzima nina mia mbili na sita tu."

Mtoto akajitazama mikono, akajipapasa mbavu. "Sasa ile mingine yangu imeenda wapi?"

"Hiyo ni ya Jumatatu."

Jumatatu mtoto alifika kabla mlinzi hajafungua geti, akiwa na wenzake wanne, wote wanataka kujua mifupa inakwenda wapi. Bibi Nusu akawaambia kwamba haiendi popote, inaungana, miwili inakuwa mmoja, mitatu inakuwa mmoja, kadiri mtu anavyokua. Wakaondoka wakibonyezana vichwa. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Ijumaa aliwaambia kwamba pweza ana mioyo mitatu, Jumatatu akawaambia kwamba damu yake ni ya buluu. Ijumaa nyingine, kwamba kipepeo haonji chakula kwa mdomo. Jumatatu, kwamba anaonja kwa miguu. "Ingekuwa wewe," alimwambia mmoja, "na miguu yako hiyo, ungekufa njaa." Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Mahudhurio yakapanda. Mwalimu Mkuu alimshukuru mbele ya walimu wote, na Bibi Nusu akashukuru Mungu kwa kuwa mtu wa maana hata yeye, na darasa lake la saba. Hakuna aliyefikiri kwamba nusu ya jambo inaweza kumdhuru mtu.

Kati ya watoto wote waliogombania nondo za lile dirisha, mmoja aliitwa Kwa Nini. Alikuwa binti wa darasa la tano, mwembamba, mwenye pengo la jino la juu, na jina hilo walimbandika wenzake kwa sababu hakuwa na neno jingine. Mama yake alikuwa fundi cherehani aliyeshona sare za wanafunzi nyumbani kwake, na baba alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa kuonekana mara mbili kwa mwezi. Bibi Nusu hakuwa na mjukuu wa damu. Alimpenda binti huyu kwa namna ambayo alijitahidi isionekane, kwa kuogopa wengine wasije wakaona wivu.

"Kwa Nini, wewe utakufa na maswali," wenzake walimtania.

"Kwa nini?" alijibu, na wote wakaangua kicheko.

Basi Ijumaa moja, baada ya kipindi cha usafi, Bibi Nusu alifungua kabati akatoa chupa moja kwa mikono miwili. Haikuwa kubwa kuliko chupa ya dawa ya kikohozi, lakini aliipakata kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Watoto saba walikuwa wameingia stoo siku hiyo, wamejipanga kando ya meza.

"Inueni mwone."

Walipokezana chupa, na kila aliyeipokea mikono ilishuka. Uzito wake ulizidi kilo nzima ya sukari.

"Hii ni zebaki," Bibi Nusu alisema. "Ni madini, ndugu yake chuma na shaba. Lakini yenyewe haijui kukaa kama madini, inatiririka kama maji. Na maji yenyewe inayakana, maana haimloweshi mtu." Akamimina kidogo katika kikombe cha kioo. Kilichomo kiling'aa kama kipande cha kioo cha kujitazamia kilichoyeyuka, na sura za watoto zikaonekana humo, ndogo, zimepinda. Akachukua nati ya chuma, ile ya kufungia bolti, akaidondosha.

Nati ikaelea.

"Chuma kimeelea!"

"Bibi, umekiroga!"

"Sijakiroga. Zebaki ni nzito kuliko chuma, ndiyo maana chuma kinakaa juu yake kama gome la mti juu ya maji."

Kwa Nini alikuwa ameinama mpaka pua yake inakaribia kugusa kikombe. Bibi Nusu akamvuta nyuma kwa kola ya shati, bila kusema kwa nini.

"Bibi, maji tukiyapasha moto yanachemka," binti alisema. "Hii tukiipasha moto inakuwaje?"

Bibi Nusu alilijua jibu. Alilijua vizuri, kwa sababu katika miaka kumi na saba ya kumsikiliza mwalimu yule mwenye maneno, mara moja tu alimsikia akishusha sauti, na ilikuwa siku alipofika kwenye zebaki na moto. Jibu lilikuja mpaka kwenye ulimi. Akamwona binti alivyokodoa macho, akawaza Jumatatu, akaona hakuna nusu nzuri kuliko hiyo ya kuwarudisha wote shuleni.

"Hiyo ndiyo nusu tamu, mjukuu wangu," alisema. "Hiyo ni ya Jumatatu."

"Aaa, Bibi!"

"Jumatatu."

Hapo hapo sauti ya Mwalimu Mkuu ikapasua uwanja. "Mama Stoo! Viti vya mkutano wa wazazi havijahesabiwa!" Bibi Nusu akarudisha zebaki chupani, akakaza kizibo, akaiweka chupa rafuni, akawafukuza watoto kwa kanga kama kuku, akavuta mlango, akaenda. Kabati hakulifunga, wala mlango hakuutia kufuli, maana alijua anarudi baada ya dakika kumi. Alirudi baada ya saa moja, mgongo unamuuma. Akafunga kufuli bila kuchungulia ndani, akaenda nyumbani.

Siku mbili zile alikuwa na wasiwasi asioujua chanzo chake. Alipika, akasahau chumvi. Alipokuwa katika sala akili ilimtoroka mara mbili, na kila mara aliiona ile nati inaelea. Alijiambia ni uzee.

Jumatatu asubuhi watoto walifika dirishani sita. Alishangaa tangu hapo, maana wa kwanza kufika siku zote alikuwa Kwa Nini.

"Mwenzenu yuko wapi?"

"Hajaja," walijibu, wakatazamana.

Akafungua stoo. Kabati lilikuwa wazi. Katika rafu ya pili, pale ilipokaa chupa ya zebaki miaka yote, palikuwa na duara safi katikati ya vumbi.

Bibi Nusu alisimama mbele ya lile duara. Akageuka taratibu, kwa sababu alijua akigeuka kwa haraka watoto wataogopa, na mtoto akiogopa hasemi.

"Wajukuu zangu," alisema, "simpigi mtu. Simshitaki mtu. Nani kaiona chupa?"

Nje mlinzi alikuwa anafagia, na ufagio wake ulisikika chwa, chwa, chwa. Halafu binti mmoja mnene, jirani wa dawati wa Kwa Nini, akaingiza mkono mfukoni akatoa kifuniko cha kalamu. Ndani yake kulikuwa na punje inayong'aa.

"Kwa Nini alitugawia Jumamosi uwanjani, Bibi. Kila mtu tone."

"Kila mtu?"

Wale watano wengine nao wakaingiza mikono mifukoni. Kiberiti. Kichupa cha dawa ya macho. Karatasi ya peremende iliyosokotwa. Bibi Nusu alitandaza trei ya bati mezani na kupokea moja moja, na kila tone alilopokea aliona kama anapokea kosa lake mwenyewe mkononi. Yule binti mnene alikuwa na hereni ndogo za dhahabu, na moja ilikuwa imegeuka nyeupe kama bati.

"Hereni hii imekuwaje?"

"Niliichovya tu, Bibi. Kuona. Mama atanichapa?"

"Inakula dhahabu," Bibi Nusu alisema polepole, na watoto wakasogea karibu kwa tamaa ya kusikia zaidi, kama kawaida yao. Akaona vile walivyokuwa wanamsogelea, akaisukuma trei mbali nao.

"Na wewe, la kwako?" alimwuliza mmoja ambaye trei ilimpita mikono mitupu.

"Langu lilidondoka asubuhi hii, Bibi. Liligawanyika gawanyika likaingia kwenye ufa wa sakafu. Darasani."

Na miaka yake hamsini na sita, Bibi Nusu alimkimbilia Mwalimu Mkuu ofisini, kandambili moja ikamchomoka njiani asirudi kuiokota. Akamweleza yote, bila kujipunguzia hata neno.

Mwalimu Mkuu alivua miwani. "Bibi, hicho ni kitu cha kuwaonyesha watoto?"

"Nilikuwa niwaambie leo."

"Uwaambie nini?"

"Kwamba inaua."

Mwalimu Mkuu alipiga kengele kwa mkono wake mwenyewe, akalitoa darasa la tano uwanjani, akaagiza madirisha yote yafunguliwe na mtu asishike ufagio, kwa kuwa Bibi Nusu alimwambia kwamba kufagia zebaki ni kuitawanya. Akapiga simu kwa bwana afya. Akapiga simu kwa fundi cherehani. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

"Nakwenda mwenyewe," Bibi Nusu alisema.

Nyumba ya fundi cherehani ilikuwa mtaa wa nyuma ya gereji za matairi, mwendo wa robo saa. Bibi Nusu aliukata kwa miguu, kandambili moja mkononi. Jua lilikuwa limeshapanda na mtaa ulikuwa katika shughuli zake, mafundi wanapigana mizaha, mwanamke anamwaga maji ya kufulia, redio inatangaza vifo. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na hilo lilimtisha kuliko kelele. Alikuwa anasali bila kutamka. Katika sala akamkumbuka mwalimu wake alipokuwa anamweleza habari za watengeneza kofia.

Zamani, katika nchi za baridi, kofia za heshima zilitengenezwa kwa manyoya ya sungura, na manyoya yalilainishwa kwa dawa ya zebaki. Mafundi walishinda katika vyumba vyenye mvuke wake. Baada ya miaka mikono yao ilianza kutetemeka. Kisha wakaanza kusahau, kuona aibu bila sababu, kukasirika bila sababu, kuogopa watu. Walionekana vichaa na wakachekwa mitaani. Kazi yao ndiyo ilikuwa inawanywa akili. "Na hao," mwalimu alisema akishusha sauti, "walikuwa wanaivuta kidogo kidogo. Ukiipasha moto unaivuta yote kwa mara moja. Huioni. Haina harufu. Mtu anakaa nayo chumbani anadhani yuko peke yake."

Hiyo ndiyo iliyokuwa nusu ya Jumatatu.

Alifika. Mlango ulikuwa umefungwa, na madirisha mawili ya mbao yamefungwa, na chini ya mlango pamezibwa kwa kitambaa. Ndani cherehani ilikuwa kimya.

"Hodi! Hodi hapa!"

Fundi alifungua, uso umevimba kwa kukosa usingizi, mtoto wa miezi minane begani. "Karibu, Bibi wa shule. Simu nimeisikia, mikono ndiyo sina. Nyumba nzima tumeshikwa na mafua. Dada mtu ana homa, na huyu tangu jana kifua kinambana. Nimeziba upepo usiingie."

Mtoto alikuwa anahema kwa mbavu. Kila akivuta pumzi, ngozi ya chini ya shingo ilizama ndani.

"Mama, toka nje."

"Nje kuna upepo, na kifua hiki..."

"Toka, mwanangu. Nakuomba kwa jina la Mungu. Utaniuliza tukiwa nje."

Kulikuwa na kitu katika sauti ile, fundi akatoka. Bibi Nusu akajifunika pua kwa kanga akaingia. Chumba kilikuwa cha watu kuishi na kufanyia kazi, vitambaa vya sare vimepangwa mpaka darini, jiko la mkaa pembeni ya mlango wa uani. Karibu na jiko, juu ya kigoda, palikuwa na chupa, na kando yake kijiko cha chai kilichoungua chini. Kwa Nini alikuwa amelala kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, macho mekundu. Alipomwona akajaribu kuketi.

"Shikamoo Bibi. Mdomo wangu una ladha ya sarafu."

Alimbeba. Binti wa darasa la tano, mwenye miguu mirefu, akamnyanyua kama furushi la nguo akamtoa nje mpaka kwenye mwangaza, akamkalisha ukutani. Akarudi, akafungua madirisha yote mawili, akaikaza kizibo ile chupa, akatoka.

"Uliipasha moto?"

Binti akatazama chini. "Kidogo. Jana. Mama alipopeleka sare. Nilikuwa namlea mtoto."

"Kiasi gani?"

"Tone kama punje ya mtama. Halafu jingine."

"Ikawaje?"

"Iliisha, Bibi." Hata katika homa ile, macho yalimwaka kidogo. "Nilifikiri itatoa moshi. Haikutoa kitu. Ilikuwa inapungua tu, inapungua, mpaka kijiko kikawa kitupu. Ndiyo nikaongeza, nikainama karibu nione inakwenda wapi. Nilitaka nije na jibu Jumatatu. Nilitaka nikuwahi."

Fundi alikuwa anawatazama mmoja baada ya mwingine. "Mnazungumza nini? Nini kilikuwa kwenye kijiko changu?"

Dereva wa gereji ya jirani aliwapakia kwenye gari lililokuwa halijamaliza kutengenezwa, wakaenda hospitali madirisha yakiwa wazi, mtoto mchanga anakorota kifuani kama karatasi inayokunjwa. Daktari alisikiliza maelezo ya Bibi Nusu mara moja tu. Hakuuliza mara ya pili. Alimtia mtoto kwenye chumba chenye mitungi ya hewa, akaamuru dada mtu avuliwe nguo zote, aoshwe, apigwe picha ya mapafu, na nguo zifungwe kwenye mfuko zisiguswe.

"Huyu mkubwa tutampa dawa ya kuitoa mwilini," alisema. "Huyu mdogo kwanza apumue. Mapafu yake yameungua. Siwezi kuwaahidi."

Wakakaa kwenye benchi la korido. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa bega, na mtu fulani alikuwa ameikwangua kwa kucha, mstari baada ya mstari. Fundi hakulia. Alikuwa bado na tepu ya kupimia shingoni.

"Bibi," alisema, "ulikuwa unajua kitu hiki kinaua?"

"Nilikuwa najua."

"Na mwanangu alikuuliza?"

"Aliniuliza. Mbele ya wenzake."

"Ukamwambia nini?"

Bibi Nusu angeweza kusema mambo ya viti, na mkutano wa wazazi, na Mwalimu Mkuu alivyoita. Aliyaona yote yamejipanga, kila moja tayari kumtetea. Hakulichukua hata moja.

"Nilimwambia ni nusu tamu. Nikamwambia angoje."

Fundi akageuza uso. Hakumfukuza, wala hakumshika mkono. Walikaa hivyo mpaka taa za korido zikawashwa.

Siku tatu mtoto mchanga alikuwa anakwenda na kurudi kati ya uhai na kifo. Ya nne akapata homa, daktari akaacha kuwatazama machoni. Dereva wa lori alifika kutoka safari, vumbi mpaka kwenye kope, akasimama mbele ya Bibi Nusu ngumi zimekunjwa, kisha akakaa chini pale pale sakafuni akaweka kichwa magotini. Siku ya sita asubuhi muuguzi alitoka akasema mtoto amenyonya. Amenyonya kidogo, lakini amenyonya. Bibi Nusu aliinama mpaka paji la uso likagusa benchi, akakaa hivyo.

Bwana afya na watu wake walikuwa wamekwishaingia shuleni na kule nyumbani, wamevaa barakoa, wakanyunyiza unga wa salfa wa njano, ule wa kuishika zebaki, kwenye nyufa zote, wakakwangua sakafu, wakachukua vitambaa vya sare wakaenda kuvizika mbali. Walipima kilichookolewa chupani na kwenye trei, wakalinganisha na daftari la stoo. Kilipungua. Si kingi, kama kijiko cha chai. Sehemu ilikuwa hewani, sehemu ilikuwa kwenye ufa wa darasa la tano, na sehemu hakuna aliyejua iko wapi. "Yenyewe haiozi," bwana afya alisema. "Inakaa. Siku ya joto inaamka." Chumba kile cha fundi kikafungwa. Familia ilihamia kwa Bibi Nusu, katika vyumba vyake viwili, kwa sababu hapakuwa na pengine, na kwa sababu alimwomba fundi kwa magoti. Fundi alikubali bila kutabasamu.

Shuleni alisimamishwa kazi. Stoo ikapigwa misumari. Kabla hajaondoka aliomba kitu kimoja tu, asimame mbele ya wanafunzi wote uwanjani. Mwalimu Mkuu alisita, akamruhusu. Alisimama bila karatasi akawaambia habari yote ya zebaki, kuanzia mvuke usioonekana, na watengeneza kofia, na mfalme wa kale wa Uchina ambaye, inasimuliwa, aliimeza akidhani ataishi milele, ikamwahi. Hakuacha kitu kwa ajili ya kesho. Watoto walisikiliza bila kucheka. Alipomaliza, mmoja wa darasa la pili akanyoosha mkono, akasubiri, halafu akaushusha mwenyewe.

Kwa Nini alitoka hospitali baada ya wiki tatu, mwembamba zaidi, mkimya. Maswali yalikuwa yamemwisha. Daktari aliagiza arudi kila Alhamisi, maana dawa ilikuwa inafanya kazi lakini mishipa ya fahamu haisemi mapema. Kila Alhamisi walikwenda watatu, mama, bibi na binti, mtoto mchanga mgongoni akiwa bado na kikohozi kikavu kama kokoto. Kipimo chenyewe kilikuwa kama mchezo. Muuguzi alimpa karatasi na penseli.

"Nichoree konokono," alisema. "Anzia katikati, zungusha, zungusha, mpaka ujaze ukurasa. Usiinue mkono."

Konokono wa wiki ya kwanza alikuwa na meno kama msumeno. Wa wiki ya pili pia. Wa tatu alikuwa na meno zaidi. Bibi Nusu alianza kuamka mapema kabla ya wote, akimtazama binti anavyoshika kikombe cha chai, akihesabu mawimbi madogo juu ya chai.

Alhamisi ya tisa kulikuwa na joto kali. Feni ya chumba kile ilikuwa imeharibika. Binti alikaa, akapangusa viganja kwenye sketi, akashika penseli.

"Bibi," alisema bila kuinua kichwa, "mikono ya wale watengeneza kofia ulionisimulia ilipona?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza kitu tangu siku ile. Mama yake aliacha kumpepea mtoto.

"Wengine, walioacha kazi mapema, walipata nafuu," Bibi Nusu alisema. "Wengine haikupona. Wengine walikufa wakiwa wanatetemeka. Wewe uko kundi gani sijui, mjukuu wangu. Daktari naye hajui bado. Hilo ndilo lote ninalolijua."

Binti akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Akaweka ncha ya penseli katikati ya karatasi, akaanza. Mzunguko wa kwanza ulitoka mzuri. Wa pili mzuri. Muuguzi akasogea. Kwenye mzunguko wa nne mstari ukaruka, ukaruka tena, binti akauma mdomo akaendelea mpaka ukingoni. Muuguzi aliichukua karatasi akailinganisha na ile ya wiki iliyopita, akaishika kwenye mwanga wa dirisha kwa muda.

"Si mbaya kuliko ile," alisema. "Siwezi kusema ni nzuri. Njooni Alhamisi."

Mama akainuka, akakaza kanga ya mtoto. Kwa Nini hakuinuka. Alinyoosha mkono juu ya meza, akavuta karatasi nyingine tupu, akaanza upya kutoka katikati, taratibu, na Bibi Nusu akabaki amesimama nyuma ya kiti chake, akiitazama penseli.